Bamba la Handeni, Bawa la Segera

Vifaa vya kuzamia vya mume wangu viligawanywa siku ya arobaini, mimi nikiwa ndani ya eda. Nilikuwa chumba cha nyuma, nyumbani kwao Handeni, nimekaa mkekani na shangazi zake wawili, na mlangoni ilitundikwa khanga. Wanaume walikuwa uani. Nilisikia kila neno.

Kaka yake mkubwa, ambaye sasa ndiye mzee wa ukoo, alisema marehemu hakuacha ng'ombe wala mji mkubwa, ila ameacha vitu vya kazi yake, na kila aliyezaliwa naye tumbo moja apate kumbukumbu.

"Chuma hiki nitakaa nacho mimi," alisema. "Huu mfuko wa mpira apewe dada yake wa Segera. Miwani na hivi viatu vya bata, mdogo wake. Na mkanda huu mpelekeeni mwenyewe huko ndani, maana ndiye aliyeushona."

Watu wakaitikia kwamba ni haki. Na kweli ilikuwa haki. Nimewahi kuona ndugu wakivutana kwa ajili ya jembe bovu, lakini siku ile hakuna aliyepandisha sauti. Tatizo ni kwamba vile havikuwa vitu vinne. Kilikuwa kitu kimoja. Ilikuwa kama kugawana cherehani, mmoja akachukua gurudumu na mwingine sindano, kila mtu akaondoka ameridhika. Mwanamke wa eda hapazi sauti kuwasahihisha wanaume walio uani, na hata kama ningeruhusiwa sikuwa na nguvu hiyo. Mkanda ulipitishwa chini ya khanga, nikaupokea, nikaulaza magotini.

Watu wakisikia mume wangu alikuwa mzamiaji hudhani maji ndiyo yaliyomchukua. Si kweli. Alikufa kwa homa, kitandani, hospitalini, midomo imemkauka. Nalisema hili kwa sababu hata msibani walikuwepo waliotaka awe ameliwa na mamba au ameshikwa na jini la mto, nami sipendi mtu azikwe na hadithi isiyo yake.

Zamani alikuwa fundi wa kuchomea vyuma katika kiwanda cha mkonge upande wa Mazinde. Ilipofika miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa watu binafsi, shamba likapata mwenye mali mpya, mashine zikasimama, na watu wakaambiwa warudi makwao. Sisi tukahamia Korogwe mjini na cherehani yangu. Nilishona maturubai ya malori na kurudishia mikanda ya mabegi ya mitumba, kwa kuwa mitumba ilikuwa imefunguliwa na kila nyumba ilikuwa na begi lililochanika. Yeye akapata kazi kwa mkandarasi aliyekuwa akisafisha nondo za kuchujia maji, pale mto Pangani unapoingizwa kwenye mitambo. Magugu, magogo, magunia, mizoga ya mbuzi, vyote hukwama pale, na lazima mtu ashuke kuvitoa. Kabla hajashuka milango ya maji hufungwa, na birika lenyewe, lile bwawa la saruji lenye nondo, limezungushiwa wavu ili mamba wasiingie. Hilo la mamba nililiuliza kabla ya kuuliza mshahara.

Kazi alifundishwa na mzee mmoja aliyezeekea bandarini Tanga. Mkandarasi, ambaye wote tulimwita bosi, alikuwa na mitungi ya hewa na mipira ya kupumulia, lakini kila mzamiaji alitakiwa ajitafutie cha kubebea mtungi mgongoni. Vitu hivyo vilifika Tanga ndani ya makontena pamoja na majokofu na baiskeli zilizotumika, kila kimoja peke yake bila mwenzake. Wengine walinunua cha kwanza walichokiona. Mume wangu alikwenda na kurudi mikono mitupu mara nyingi, mpaka nikamwambia anachagua kama mtu anayetafuta mke wa pili.

"Mke wa pili ningempata haraka," alinijibu. "Huyu ndiye wa kunirudisha juu."

Kwanza alipata bamba. Ni chuma kisichoshika kutu, kirefu kama mgongo wa mtu kutoka mabegani hadi kiunoni, chenye bonde katikati ili mtungi utulie. Kina matundu ya kupitisha bolti, juu na chini. Baada ya hapo hakwenda tena Tanga bila kipande cha boksi mfukoni. Alikuwa amekilaza juu ya bamba na kukitoboa pale pale penye matundu. Kila bawa aliloonyeshwa alilipima kwa boksi lile, na kama matundu hayakukutana alilirudisha hata lingekuwa jipya.

Bawa ndivyo tulivyokuwa tukiuita ule mfuko wa mpira. Umevikwa kitambaa kigumu, una umbo la herufi U, na hukaa kati ya bamba na mtungi. Mzamiaji akitaka kupanda hutia hewa, akitaka kushuka huitoa. Kulikuwa na mabawa mapana yaliyotengenezwa kwa mitungi miwili, na mume wangu alikuwa anashuka na mmoja. Nilimuuliza, kubwa si ndilo salama zaidi? Akachukua khanga yangu, akaizungushia chupa ya chai mpaka pembe zake zikakutana. "Ona. Likikosa cha kulitandaza linajikunja hivi. Hewa inakimbilia upande mmoja, na wewe unageuzwa kama chapati." Lakini dogo mno nalo halifai, maana lazima linyanyue chuma, mtungi na mtu. Alitafuta la katikati mpaka akalipata.

Mkanda ulikuwa kazi yangu. Ni mkanda mmoja wa nailoni, mrefu, unaopita kwenye matundu ya bamba, juu ya mabega na kuzunguka kiuno, na mwingine mfupi unapita katikati ya miguu ili bamba lisipande likampiga kisogoni. Alisimama barazani kifua wazi kama mteja wa koti, bamba mgongoni, nami nikavuta na kulegeza. Vidole vyangu viwili vilipaswa kupita begani bila kulazimisha. Mkono wake ulipaswa kufika nyuma ya shingo na kugusa koki ya mtungi, maana koki ikigoma chini ya maji hakuna wa kumwita. Nikaweka pete za chuma kifuani alipozitaka. Nilipomaliza nikaukata mkia uliozidi, kwa sababu mkia unaoning'inia hunaswa na nondo. Majirani walipita wakicheka. "Mama, punda huyo unampeleka wapi?"

Kwa hiyo nilipokabidhiwa mkanda ule Handeni, nilikuwa nimekabidhiwa vipimo vyake. Upana wa kifua, mteremko wa bega lake la kushoto lililokuwa chini kidogo kuliko la kulia, mahali tumbo lilipoanzia. Nilirudi nao Korogwe nikautundika nyuma ya mlango, nao ukakaa umeshika umbo. Asubuhi nikifunga mlango ulikuwepo.

Eda ilipokwisha alikuja shemeji, mdogo wake marehemu, anayekaa Makuyuni. Naye alikuwa amepunguzwa kwenye mkonge, akalima, mvua ikamkimbia. Wakati wa kaka yake alikuwa mshika kamba ya mzamiaji pale birikani, na yule mzee wa Tanga alimfundisha kuzama, kwanza penye kina kifupi. Sasa bosi alikuwa amemwambia nafasi ya kaka yake ni yake, ila aje na vifaa vyake, avijaribu mbele ya mzee. Mzee akikataa, nafasi itakwenda kwa mwingine.

Alikunywa chai ikaisha ndipo akasema. "Shemeji, mimi nilipata miwani na viatu vya bata."

"Una macho na miguu," nikamwambia. "Mgongo huna."

Alicheka, kisha akautazama mlango. Mkanda ulikuwa pale. Hakuuomba, nami sikumpa siku ile. Nilimwambia twende kwanza tukatafute vingine. Ukweli ni kwamba nilitamani kuviona vile vitu viko pamoja tena, na kumsaidia shemeji kulikuja nyuma ya tamaa hiyo.

Wifi yangu anauza machungwa Segera, pale njia ya Tanga inapoachana na ile ya kwenda Arusha. Tulimkuta kazini, amekaa juu ya urithi wake. Alikuwa amelijaza bawa hewa, akaliweka juu ya kreti la soda, akaketi kama mke wa sultani.

"Karibuni," alisema bila kunyanyuka. "Najua mmekuja kuninyang'anya kiti."

"Dada, hicho si kiti," shemeji akamwambia.

"Tangu lini wewe unajua kiti? Kwako mnakaa kwenye vinu."

"Wifi," nikasema, "huyu anataka kuzama."

Uso wake ulibadilika. Alinitazama mimi, si yeye. "Na wewe umekubali? Hujachoka kungoja mtu barazani?"

Nilimwambia nimechoka. Nilimwambia pia kwamba hata nikikataa atazama tu, na tofauti itakuwa atazama na kitu gani mgongoni. Alipanga machungwa yaliyokwisha kupangwa. Basi la Arusha likasimama, wenzake wakakimbilia madirishani, yeye hakwenda. Mwishoni akasimama.

"Kwetu urithi hautolewi ukabaki mikono mitupu," alisema. "Utanishonea mto wa sufi. Mnene. Makalio haya yameshazoea."

Alipolitoa nikaona kiraka cha baiskeli upande wa chini. Kreti lilikuwa na msumari. "Nililipeleka kwa fundi," akasema haraka. "Tangu hapo halijaniangusha."

Kesho yake tulikwenda Handeni kupitia Mkata. Kutoka stendi ya Handeni hadi kijijini kwao tulitembea. Kabla hatujaiona nyumba nilisikia chuma kikilia mashambani, mlio mwembamba wa kukaa muda mrefu hewani, ukakoma, ukaanza tena. Shemeji alisema labda ni kengele ya shule. Mimi nilijua ni nini.

Mzee wa ukoo, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amelitundika bamba kwenye mti pembeni ya mahindi, analigonga kwa bolti lake lenyewe kufukuza ngedere.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka eda salama? Haya. Msikilizeni marehemu anavyofanya kazi." Akaligonga. Huko mbali ngedere wakaruka kwenye miti. "Debe hawaliogopi tena. Huyu wanamwogopa."

Tulikula kwanza, bada, ule ugali wa muhogo, na mboga. Haja yetu tuliieleza baada ya kunawa. Mzee alisikiliza, akatafuna kijiti, akamuuliza mdogo wake kama anaogopa. Shemeji akasema anaogopa. "Vizuri," mzee akasema. Halafu akanigeukia. "Mbona siku ile hukusema kwamba vinakaa pamoja?"

"Nilikuwa ndani, mzee."

"Ungemtuma shangazi."

"Sikuwa na neno la kumtuma."

Akatikisa kichwa polepole. Alikwenda mwenyewe kulishusha bamba. "Mimi niliona vitu," alisema akilifungua. "Nikahesabu watoto wa mama yetu pamoja na wewe, nikahesabu vitu, vikalingana. Nikamshukuru Mungu." Alilishika mikononi bila kulitoa. "Na ngedere nitawaambia nini?"

Nikamuahidi rimu ya gari, maana Korogwe zipo nyingi kwa mafundi. Akauliza kama rimu inalia vizuri. Nikamwambia sijui. Akalitoa bamba.

Lilikuwa na makovu ya kugongwa upande mmoja, lakini halikuwa limepinda. Nyumbani niliweka boksi la mume wangu juu yake, lile lile alilokuwa akienda nalo Tanga, na matundu yakakaa juu ya matundu. Kisha nikajaza bawa kwa mdomo, nikalizamisha ndani ya karai. Kwenye kiraka hapakuwa na kitu. Nikakaribia kumshukuru yule fundi wa Segera. Nilipoligeuza nikaona mapovu madogo yakipanda pembeni kwenye mshono, pale mtu mzima alipokuwa akikalia kwa uzito wake kila siku. Nililiacha limejaa, jiwe juu yake. Asubuhi jiwe lilikuwa limelala chini na bawa limenywea.

"Hewa imetoka kidogo tu," shemeji alisema. "Nitatia kiraka kingine."

"Kiraka cha baiskeli kikibanduka unashuka unasukuma. Huko birikani utashukia wapi?"

Aliligeuza bawa akautafuta mshono. Nami sikuwa na raha, maana bawa lile mume wangu alilitafuta kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na nilikuwa nimelifuata mpaka Segera. Nililikausha nikalikunja. Lilikuwa lake, na lilikuwa bovu.

Tukaenda kwa bosi. Stoo yake ilikuwa na mabawa mawili aliyokuwa tayari kuazima. Moja jipya, jeusi, pana, la mitungi miwili. Jingine limepauka hata rangi yake huijui. Shemeji alilikumbatia lile jipya kabla sijaingia vizuri. Nikamwomba bosi khanga ya mkewe na chupa ya chai. Nilipomaliza kuzungusha, bosi akasema, "Mumeo naye alinionyesha hivi hivi." Shemeji akalirudisha. Lile lililopauka nikaliwekea boksi. Matundu ya juu yakakutana, ya chini yakakutana. Tukalizamisha kwenye pipa lake, tukalala nalo Korogwe likiwa limejaa. Asubuhi lilikuwa gumu kama ngoma.

Ukabaki mkanda.

Nikautoa nyuma ya mlango, nikaupitisha kwenye bamba, nikamvika shemeji pale pale barazani. Mume wangu alikuwa mpana. Huyu ni mwembamba kama mpini. Nilivuta mabegani mpaka vidole viwili vikapita vizuri, nikavuta kiunoni, na mkia wa mkanda ukaning'inia mpaka gotini.

Aliona ninavyoutazama. "Usikate, shemeji. Nitaukunja, nitaufunga kwa mpira wa manati. Hauonekani."

Alisema kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonitia uchungu. Nilijaribu kukunja. Nikafunga, nikamwambia ainame, anyooshe mkono mpaka mahali pa koki, ageuke kama mtu anayevuta gogo. Mara ya kwanza ulikaa. Mara ya pili ukachomoka ukampiga pajani. Nikaufikiria ule mkia kati ya nondo, na mikono yake ikiupapasa asikoona.

Nikaingia ndani nikachukua mkasi mkubwa wa maturubai. Nilimwambia asimame wima. Nikaupima, nikapima tena, nikakata. Nailoni ikikatwa hufumuka, kwa hiyo nikawasha kiberiti nikaunguza ncha mpaka ikaungana. Ilitoa ile harufu yake kali. Pete za kifuani nikazisogeza zifuate mikono yake. Bega la kushoto nikaliweka sawa na la kulia, maana yeye mabega yake yako sawa.

Siku ya majaribio nilikwenda. Mzee wa Tanga alimzunguka shemeji kama mtu anayenunua ng'ombe, akavuta kila mkanda, akamwambia aguse koki. Akaigusa. Akauliza nani kakata mkia. Nikasema ni mimi. Akaendelea kukagua. Milango ilikuwa imefungwa na maji yametulia, yana rangi ya chai ya maziwa. Shemeji alishuka ngazi, akatia mpira mdomoni, kichwa kikapotea.

Nilitazama mapovu. Yalikuwa yanakwenda kando ya nondo taratibu, yakasimama, yakarudi. Mshika kamba mpya alikuwa anasema peke yake, "Haya, haya." Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa saruji. Sikuwa naomba dua yoyote, na ningependa kusema nilikuwa naomba, lakini nilikuwa nawaza mshono wangu.

Akaibuka na gunia la matope mkononi, akatia hewa kwenye bawa, likamweka juu uso ukitazama mbingu, bila kumgeuza. Alitoa mpira mdomoni. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Shemeji, bega la kushoto linabana."

"Toka nikulegezee," nikamwambia.

Alitoka. Nilimlegezea akiwa anachuruzika maji miguuni pangu, na mzee wa Tanga akamwambia bosi kwamba huyu ashuke tena, safari hii amalize upande wote. Akarudi majini, na hakulalamika tena.

Wifi alipata mto wake, mnene. Rimu niliipeleka Handeni mwenyewe. Mzee aliuliza tutaitundika na nini, maana kamba za mkonge huliwa na mchwa. Nikafungua pochi nikatoa kile kipande cha mkanda, nilichokuwa nimekikunja bila kujua nakiwekea nini. Kilitosha kupita kwenye tundu la rimu na kuzunguka tawi, na fundo langu lilikaa. Mzee akaigonga. Mlio wake ni mzito, na hauendi mbali kama ule wa bamba.

"Si mbaya," alisema. Tukangoja kidogo. Ngedere mmoja alikuwa juu ya ua, anakula, anatutazama. Mzee akaigonga tena, kwa nguvu zaidi.